Jina Linalotokea kwenye Simu

Mteja wa siku hizi halipi mpaka asome jina. Anaingiza namba ya kulipia iliyobandikwa ukutani, anaandika kiasi, kisha anasimamisha kidole hewani na kuuliza, "Hapa limetokea jina la fulani, ndiyo penyewe?" Simlaumu. Matapeli wa simu wamewaliza watu wengi, na mtu aliyeuza kahawa yake jana hataki kupeleka hela yake kwa mwizi leo. Kilichonikera mimi ni jibu langu. Jina lililotokea lilikuwa la mume wangu, na mimi niliyesimama mbele ya mteja na mafuta ya cherehani hadi kwenye viwiko nilijibu kila mara, "Ndiyo, penyewe."

Ufundi alinifundisha yeye, sikatai. Alinionyesha jinsi ya kufungua cherehani bila kupoteza skrubu, na jinsi ya kusikiliza bomba la kupulizia dawa ili ujue hewa inavujia wapi. Baadaye akaingia kwenye biashara ya kununua kahawa, akawa mtu wa kuzunguka vijijini na magunia, na meza ya ufundi pale Nkwenda ikabaki kwangu. Cherehani za mafundi nguo wa sokoni nilitengeneza mimi. Mabomba ya wakulima nilitengeneza mimi. Kila Jumamosi mume wangu alikuja, akaketi kwenye benchi la nje, watu wakampa shikamoo ya fundi, naye akaipokea vizuri kabisa.

"Fundi yupo?" mteja aliniuliza huku ananitazama na bisibisi mkononi.

"Fundi ndiye mimi."

"Hapana mama, namaanisha mwenyewe."

Haki ya Mungu, kuna siku nilitamani kumrudishia mtu bomba lake likiwa vipande vipande, aende akamtafute huyo mwenyewe.

Namba ya kulipia ilipoletwa, kijana wa kampuni ya simu aliomba kitambulisho, leseni na namba ya mlipakodi. Leseni ilikuwa ya mume wangu. Namba ya mlipakodi ilikuwa yake. Basi na hii ikawa yake. Sikuona ubaya wakati ule. Tulikuwa tunakula chungu kimoja. Ila kwenda kulipa kodi hakuwahi kwenda. Kila awamu ya makadirio ilipofika, aliyepanda bodaboda kwenda ofisi ya kodi Rubwera na kukaa kwenye foleni ni mimi, na nilipoitwa dirishani niliitwa kwa jina la mwanamume, nikasimama.

Mtumishi mmoja wa serikali pale Rubwera aliwahi kuniletea cherehani ya mke wake. Nilipomtajia bei akasema, "Nitolee VAT hapo, mimi sihitaji risiti." Nikamweleza kwa upole kwamba mimi ni mfanyabiashara mdogo, sijasajiliwa kwa VAT, sitozi hata senti ya VAT, kwa hiyo hakuna cha kutoa. Kodi yangu nalipa kwa makadirio, na risiti atapewa atake asitake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, ngoja nitaongea na mwenye duka." Mtu na elimu yake! Alimsubiri mume wangu mpaka Jumamosi. Mume wangu akamjibu maneno yaleyale niliyomjibu mimi, naye akalipa bila ubishi, tena akashukuru kwa ufafanuzi.

Mume wangu akaugua, akafa. Nilimlia, na hadi leo namlilia, maana hakuwa mtu mbaya. Ubaya ulikuja baada ya matanga, na ulikuja na shemeji yangu, mdogo wake, anayekaa upande wa Karagwe. Katika maisha yake yote hajawahi kujua bisibisi inashikwa upande gani. Ukoo ulipokaa kwenye kibanja chetu, chini ya migomba, kuzungumza mali za marehemu, alisimama akasema duka la kaka yake lisiachwe likapotea.

Nikasema duka ni langu, nalifanyia kazi mimi, kodi ya chumba nalipa mimi, ya serikali nalipa mimi.

Shemeji hakubishana nami. Alitoa simu yake, akaingiza namba ya duka na kiasi kidogo tu, jina likatokea. Akaizungusha simu kwa wazee, mmoja baada ya mwingine, kama anayewaonyesha picha ya harusi. "Someni wenyewe," akasema. "Kama lilikuwa duka la shemeji, mbona hela inaingia kwa kaka?"

Wazee walisoma. Asiyeona vizuri alisomewa. Wote wakatikisa vichwa kukubali, na mzee aliyeongoza kikao akaniambia kwa sauti ya huruma kwamba hakuna anayenifukuza, nitaendelea kumsaidia shemeji yangu kazi kama nilivyokuwa namsaidia mume wangu.

Kumsaidia! Nilichemka nikashindwa hata kulia. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Mimi nimechumia juani, na mwenye kulia kivulini amekuja na simu. Nikawaambia, "Jina chukueni, ni la kwenu. Jiliwa la kubania vyuma na spana nilinunua mimi, na mikono ni yangu." Nikaondoka kwenye kikao kabla ya chakula, jambo ambalo bado nasemwa nalo.

Shemeji alikuja Nkwenda kesho yake na funguo alizopewa na ukoo. Mwenye nyumba, mzee asiyependa maneno mengi, akamwambia kwamba anayempangisha ni huyu mama, na funguo zile zilikuwa za kufuli la zamani. Shemeji akang'oa kibao kilichoandikwa jina la kaka yake, akakipakia kwenye bodaboda. Namba ya kulipia nayo haikumfaa kitu, kwa sababu kampuni ilipojulishwa kwamba mwenyewe amefariki, iliifunga.

Hapo ndipo nilipoamua kwamba sitaitikia tena jina la mtu mwingine. Nilikwenda Rubwera na kitambulisho changu nikaomba namba yangu ya mlipakodi na leseni yangu. Sikia maajabu: watu wa kodi, ambao kila mfanyabiashara anawakimbia, ndio walikuwa wa kwanza tangu shule ya msingi kuniita kwa majina yangu kamili, yote mawili, kwa sauti, mbele ya watu. Nilichelewa kuitika. Sokoni, kanisani na msibani mimi ni mama wa kifungua mimba wangu au mke wa fundi, hakuna zaidi. Nikakadiriwa kodi, kubwa kuliko nilivyotaka, nikaikubali. Namba mpya ya kulipia ikatoka kwa jina langu, nikaibandika ukutani.

Watu hawakuja mara moja. Wengi walipoona hakuna kibao walidhani duka limekufa na mwenyewe. Nilifungua asubuhi, nikafagia, nikakaa nikitazama barabara, huku kodi ya chumba na ile ya makadirio zinanisubiri. Kama wateja wasingerudi, shemeji angekuwa amesema kweli: duka lilikuwa jina tu, mimi nilikuwa mikono ya kukodi.

Aliyerudi kwanza ni rafiki yangu, fundi nguo wa sokoni anayeshona sare za shule. Tunaimba naye kwaya moja. Mume wangu alipokufa alilala kwangu msiba wote na kupika ndizi za wafiwa. Cherehani yake ilikuwa inaruka mishono. Nilibadilisha sindano, nikanyoosha kijichuma kilichopinda, nikaipaka mafuta, ikaimba. Akafurahi, akatoa simu, akaingiza namba. Kisha akasimamisha kidole.

"Mama, hapa pametokea mtu mwingine," akasema. "Usije ukawa umebandikiwa namba ya tapeli."

"Soma."

Akasoma majina yangu mawili taratibu, kama msomaji wa somo kanisani. "Huyu ni nani?"

"Ni mimi."

Akanitazama, akaitazama simu, akanitazama tena. "Wewe? Tangu lini?"

Hasira iliyonipanda siku ile sikuwa nayo hata kwenye kikao cha ukoo. Wale walikuwa wanataka mali. Huyu alikuwa ananipenda, amenishika mkono kaburini, na jina langu alikuwa analisoma kwenye simu kwa woga wa kutapeliwa. Nikamwambia kwa ukali kwamba ni tangu nilipobatizwa, na kwamba atume au achukue cherehani yake akalipe kwa marehemu.

Akatuma. Simu yangu ikalia, nikafungua ujumbe kuhakikisha. Umepokea kiasi fulani kutoka kwa… na jina lililofuata lilikuwa la mwanamume.

"Na huyu ni nani?" nikamuuliza.

"Si ndiye baba watoto," akasema, akashangaa ninachouliza. "Laini ni yake. Ni hela yangu ya sare, lakini laini ni yake."

Hasira yangu yote ikabaki pale pale, ila haikuwa tena juu yake. Nikavuta kitabu cha risiti. Nikamuuliza anaitwa nani, yeye, si mama wa nani. Alicheka kwanza, akaona sicheki, akaniambia. Ilinibidi nimwombe anitajie herufi, kwa kuwa miaka yote ile sikuwahi kulisikia.

Nikaandika jina lake mahali pa mteja, nikakata, nikampa. Aliisoma ile risiti kwa muda mrefu kuliko karatasi ndogo kama ile inavyohitaji. Kisha akaikunja, akaificha ndani ya kitenge kiunoni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama risiti yenye jina lake haitamletea shida nyumbani.