Farasi wa Mohoro

Wiki iliyopita nilivisoma upya vile vitabu vyangu vya utotoni, hadithi za mji wa kale uliozingirwa na wapanda farasi. Nilipofika pale kwato zinaposikika kwa mbali, nikamkumbuka bibi.

Alasiri moja utotoni, kijijini kwetu Mohoro kando ya mto, bibi alikuwa uani akitwanga pepeta, mpunga mchanga uliokaangwa, harufu yake imejaa kote, nami nikisoma mlangoni. Sikuwahi kumwona farasi. Viboko walipokoroma mtoni, nikadhani ndio wenyewe.

"Bibi, wapanda farasi wamefika!"

Nilitegemea acheke. Aliutupa mchi, akanivuta ndani, akafunga mlango na kuniziba mdomo.

"Nyamaza, mjukuu wangu. Watatuchukua."

Nikafurahi kwamba naye anakiamini kitabu changu.

Kulipotulia alifungua mlango kidogo, akaita kuelekea kwenye matete ya mtoni: "Selemani, toka. Wameshapita."

Nyumbani kwetu hapakuwa na Selemani. Nilipokuwa mtu mzima ndipo mama aliponieleza kuwa alikuwa kaka yake bibi, aliyechukuliwa na askari kubeba mizigo wakati wa vita vya Mjerumani, asirudi tena. Siku ile sikujua. Nilisimama kando ya bibi, tukiyatazama matete yanavyotikisika, nikingoja mtu atoke.