Kitabu cha Tano cha Mapenzi

Bi Tima binti Mwinyihaji alikufa bila kumtukana mtu, na hilo peke yake linaniudhi. Alikuwa na haki ya kutukana. Mimi Barke nilikuwa mwanafunzi wake, na siku aliyonyang'anywa vitabu nilikuwepo. Kwa kuwa yeye alinyamaza, nitasema mimi.

Alizaliwa Jomvu Kuu, akaolewa Jomvu Kuu, na hapohapo akafiwa na mume. Mumewe, Nassor, alikuwa karani wa shehena Kilindini, naye ndiye aliyemfundisha herufi za Kizungu, maana za Kiarabu alikuwa nazo tangu chuoni, aliposoma Kurani. Alipotoka eda alikaa akishona kofia, na kofia zake zilikuwa zikifuatwa kutoka Kisauni. Lakini hamu yake ilikuwa watoto. Alituona sisi wadogo tunakwenda chuoni, tunasoma juzuu vizuri, kisha ikija barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kizungu, mtaa mzima unahangaika kutafuta msomaji. Basi akatutandikia mkeka ukumbini kwake. Hakubagua. Watoto wa Wajomvu walikaa hapo na watoto wa Wakristo kutoka bara, kama Kanze binti Tsuma, ambaye baba yake alikuwa kibarua wa reli Changamwe.

Mwaka wa arubaini na saba ofisi ya elimu ilimwazima sanduku la vitabu vya picha. Vilikuwa vitabu vitano vinavyofuatana, kila kimoja na nakala chache, vyote vikimhusu mtoto mmoja aitwaye Mapenzi na mbuzi wake. Cha kwanza kilikuwa picha tupu, hakina neno ndani. Cha pili kilikuwa na neno moja chini ya kila picha, cha tatu sentensi fupi, na vikaendelea kupanda hivyo, mtoto akipanda navyo. Sharti lilikuwa moja. Mkaguzi angekuja siku yoyote, na akiridhika sanduku lingebaki. Asiporidhika, lingepelekwa skuli nyingine.

Siku ya kwanza tulikaribia kupigana. Nilipewa kitabu nishirikiane na Kanze, nami nikakifungua kama nilivyofunzwa chuoni, kutoka upande wa kulia. Nikaona mama amekasirika, kisha mbuzi anatoa leso mdomoni, kisha leso imeanikwa kambani nzima, safi. Nikamsimulia Kanze. Kanze, ambaye chuoni hakuwahi kukanyaga, akaniambia mimi ni mwongo, mbuzi hakuitoa leso, ameila. Akakivuta kitabu akakianzia kushoto. Nikamvuta nywele.

Mwalimu mwingine angetuchapa sote wawili, kisha akatuambia kitabu hufunguliwa hivi, basi. Bi Tima aliacha sindano yake akatuamuru kila mmoja asimulie hadithi yake mbele ya wenziwe. Tulipomaliza akauliza, "Haya, wangapi hapa mumeona mbuzi akila nguo?" Mikono yote ikapanda. "Na wangapi mumemuona akiirudisha nzima?" Tukacheka mpaka tukalala. Mimi mwenyewe nikakigeuza kile kitabu, na tangu hapo sikuambiwa tena herufi za Kizungu zinaanzia wapi. Picha zilikuwa zimekwisha kuniambia.

Akaufanya ugomvi wetu kuwa mtindo wa darasa. Kila kitabu kipya tulikifungua kwanza kutoka kulia, tukaitazama picha ya mwisho, tukabuni yaliyotokea. Kisha tukakigeuza na kuanza kusoma kwa pupa, kila mtu akitaka kujua nani kapatia. Wallahi, sijaona tena watoto wanaogombania kusoma. Mwanarusi, mdogo wetu wa mwisho darasani, alikuwa hata meno hayajamwota vizuri mbele, lakini neno "mbuzi" alilijua popote lilipo, kwa sababu mbuzi hakukosekana katika picha hata moja. Kutoka "mbuzi" akajua "kamba", kutoka "kamba" akajua "kata". Kufika kitabu cha nne tulikuwa tunasoma wenyewe, na kitabu hicho kikatuacha roho juu. Kamba imekatwa, mbuzi hayupo, Mapenzi analia njiani.

Asubuhi tuliyokuwa tufungue cha tano ndiyo aliyokuja mkaguzi. Aliitwa Bwana Gershom, kijana aliyenyoosha suruali kwa pasi mpaka ikakata kama kisu, akaukanyaga mkeka kwa viatu vyake vya vumbi. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia kwa kichwa. Bi Tima alimkaribisha kwa heshima zote, akampa kiti, akamwomba atutazame tunavyosoma. Kisha akatugawia kitabu cha tano, nasi, kama ilivyo ada yetu, tukakifungua sote kutoka kulia.

Niliiona ile picha. Mapenzi amelala kizingitini, mbuzi yuko ubavuni pake, shingoni amefungwa leso badala ya kamba. Nyuma yao amesimama bibi mmoja mzee ambaye hatukuwahi kumuona katika vitabu vyote vinne. Nilikuwa ndiyo kwanza nafungua mdomo niseme huyu ni nani, Bwana Gershom akainuka.

"Mama," akasema, "hawa hawajui hata kitabu kinafunguliwa wapi."

"Wajua, mwanangu," Bi Tima akamjibu. "Subiri wakigeuze tu, kisha mchague umtakaye akusomee."

Hakusubiri. Hivi kusubiri kungemgharimu nini? Angeninyooshea kidole mimi, au Kanze, au hata Mwanarusi, na angesomewa. Hakumsikiliza mtoto hata mmoja. Alituambia vitabu vya serikali si vya kuchezea, akapita mkekani akivikusanya. Kanze alikuwa amekishika chake kwa mikono miwili. Bwana Gershom akakivuta, pembe ya ukurasa ikachanika, naye akatoa kalamu mfukoni akaandika palepale, huku akisoma kwa sauti tumsikie, kwamba watoto wa hapa wanararua vitabu. Alirarua yeye! Sote tulimuona. Nikamtazama Bi Tima nikitaka aseme neno, lakini alikuwa amempakata Mwanarusi aliyekuwa akilia, na alichosema ni kumwomba mgeni atuachie kile cha tano hadi jioni. Mgeni akafunga sanduku.

Bi Tima hakukata tamaa, alikata mifuko ya saruji. Aliomba mitupu kwa wajenzi, akaikung'uta, akaishona kwa uzi wake wa kofia, na vitabu vya namna hiyo ndivyo tulivyoendelea navyo, tukichora kwa makaa na kuandika chini yake. Ndivyo tulivyokuja kuwa wasomaji wa barua wa Jomvu. Watu wakisema darasa lile lilishindwa, huwa nawauliza barua zao walikuwa wakisomewa na nani.

Lakini kitabu cha tano kilimkaa rohoni. Tuliposikia sanduku limepelekwa skuli moja upande wa Port Reitz, alikwenda kwa miguu, nami nikafuatana naye. Vitabu tuliviona. Vilikuwa kabatini nyuma ya kioo, vimepangwa, visafi, havijafunguliwa na mtu. Bi Tima alimwomba mwalimu wa pale atufungulie kimoja tu, tukisome palepale mbele yake kisha tukirudishe. Yule mwalimu alituhurumia. Alisema vimewekwa kwa ajili ya wageni, na ufunguo anao Bwana Gershom. Nje ya dirisha la skuli ile watoto walikuwa wakiimba a, e, i, o, u, hawana kitu mikononi. Nilitaka kuokota jiwe. Bi Tima alinishika mkono tukarudi.

Miaka ilipita. Nilikua, nikaolewa, nikawa na watoto wangu wa kufundisha. Bi Tima alipolala maradhi ya mwisho, nilikuwa nikimlisha uji, na siku moja akanishika kiganja.

"Barke."

"Abee, bibi."

"Hivi yule bibi mzee alikuwa nani?"

Sikuhitaji kumuuliza ni bibi gani. Nilikuwa mtu mzima, kusoma najua, na aliyenifundisha ni yeye. Lakini kitabu cha tano sikuwahi kukisoma. Nikachota uji mwingine.