Pamba ya Theluji

Kabla ya Krismasi nilikuwa nikinunua wembe katika duka la mzee mmoja wa pwani, karibu na msikiti wa mjini. Mama mmoja wa mtaa wa Kangemi akaingia, akaomba bunda kubwa la pamba. Mzee akaweka mkono kifuani.

"Poleni na msiba, mama. Nani ametutoka?" Kwao pamba nyingi hivyo ni ya maiti.

Mama alicheka mpaka akashika kaunta. "Hakuna mtu amekufa, mzee! Ni ya mti ya Krismasi. Nyota tumekata kwa karatasi ya sigara, kengele ni vizibo vya soda. Sasa msichana wangu anataka theluji!"

Tukacheka sote.

Januari nilimkuta pale tena, akiomba pamba.

"Krismasi si imekwisha?" mzee akamtania. "Theluji ya nini tena?"

Mama aliitazama kaunta. "Leo ni ile uliniuliza siku ile, mzee. Ni ya huyo msichana."

Mzee akaifunga pamba kwa gazeti, pengine ukurasa huu huu ninaoandika kila wiki kuwachekesha ninyi. Pole yake alikwisha kuitoa Desemba, tukaicheka.