Mashine Inayokula Umeme wa Bi Mwanaidi

Nasema mwenyewe kabla wapangaji wenzangu hawajawasimulia. Mimi ni mwandishi wa riwaya, nimepanga Temeke kwa Bi Mwanaidi, mama asiyevumilia kitu kinachokula umeme. Nilichukua kompyuta yangu ya zamani iliyopasuka kioo, nikaiwekea programu huria za bure, ikawa ghala la nyumba nzima. Tamthilia, masomo na mawaidha vyote vilipatikana humo bila bando, ilimradi iwake kutwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo mashine yako naichomoa leo."

"Nipe dakika kumi tu, nikuoneshe faida yake."

Niliazimia kushinda. Wapangaji wakajaa sebuleni mwake, nami nikaiunganisha mashine na runinga yake, nikajigamba kwamba hata simu yangu hujihifadhi humo yenyewe, kila ninachorekodi, nisipoteze neno. Sikujiuliza rekodi hizo zinaangukia folda gani. Nikafungua folda ya mawaidha, nikabonyeza rekodi ya juu kabisa, nikiamini ni mawaidha ya Ijumaa aliyoyakosa Bi Mwanaidi.

Ikatoka sauti yangu, nikisoma sura mpya kwa madaha: "Bi mwenye nyumba alizunguka uani akizima taa, kana kwamba hata mbalamwezi inatumia mita yake. Hakujua kuwa hiyo ndiyo siku yake ya mwisho..."

Mpangaji mmoja akapaliwa na chai. Mimi nikaurukia waya wa umeme, niuchomoe kwa mkono wangu mwenyewe.

"Wee, koma!" Bi Mwanaidi akanidaka shati. "Usizime. Mie nataka kusikia nakufaje."