Baba Alipopiga Penalti

Nakumbuka jioni moja, mwanangu, pale uwanja wetu wa Endamarariek, wakati lami haijafika hata Karatu mjini na magoti yangu yalikuwa bado yananitii. Tulikuwa kwenye fainali na vijana wa Soitsambu. Walikuja na lori la kubebea ng'ombe, wakapita ukingo wa kreta ya Ngorongoro wamesimama kwenye baridi ile, wakalala madarasani, na asubuhi walikuwa wachangamfu kuliko sisi tuliolala kwa mama zetu. Zawadi ilikuwa beberu mmoja, amefungwa karibu na kona, anakula majani, hana habari na mtu.

Mchezo uliisha bila bao, refa akasema zipigwe penalti. Wakapiga, tukapiga, mpaka ikafika zamu yangu. Nikifunga tunaendelea, nikikosa beberu anapanda lori kwenda kwao Loliondo. Mimi ndiye niliyekuwa mfungaji wa kutegemewa, na hilo ndilo lililoniponza. Wahenga walisema mkamia maji hayanywi. Nami nilikuwa nimeyakamia kweli, kwa sababu siku hiyo baba yangu alikuwa uwanjani.

Baba yangu, mzee Tluway, hakuwa mtu wa kuja kutazama mpira. Kwake mpira ulikuwa kazi ya watu wasio na shamba. Alikuwa mzee wa maneno machache, na kwenye harusi alichagua kukaa mahali ambapo hakuna wa kumtania. Akihisi kicheko kimeelekea upande wake, alishika fimbo yake akaondoka taratibu, na mama alijua kwamba wiki hiyo hakuna wa kumgusa. Simba hakumwogopa sana, njaa alikuwa amekwisha izoea. Alichokiogopa ni kuchekwa. Sasa siku hiyo alikuja bila kumwambia mtu nyumbani, nikamwona amesimama upande wa kona, blanketi begani, fimbo chini ya kwapa. Nilifurahi mpaka miguu ikakosa utulivu. Nikasema hii nitamfungia yeye.

Nikapaisha. Mpira ulipita juu ya mtambaa wa panya, ukavuka vichwa vya watu, ukatua kwenye shamba la mbaazi la kanisa. Wale wa Soitsambu wakaanza kuruka kwa namna yao, na kipa wao akambeba beberu mabegani. Mimi sikuwatazama. Nilitazama kona, nikamwona baba amekwisha geuka, anaondoka kwa njia ya bombani tulikochota maji, wala hakuangalia nyuma.

Hapo ndipo nilipoamua kuondoka nyumbani. Nilikuwa na binamu kule Mang'ola, anafanya vibarua kwenye mashamba ya vitunguu, na lori la kushuka huko lilikuwa linapita njia panda jioni ile ile. Nguo zangu zilikuwa kwenye mfuko wa salfeti, ule wa mbolea, nyuma ya goli: shati, suruali na koti, na kwa kijana wa wakati ule hiyo ilikuwa karibu nusu ya mali yake yote. Niliona nikienda hivyo hivyo, bila kupita nyumbani, sitalazimika kula ugali mbele ya baba. Leo utasema ulikuwa ujinga. Ulikuwa ujinga, lakini mwenye nao hakuuona hivyo, na moyo wake ulikuwa unauma kabisa.

Nikakaa chini kusubiri lori. Watu nao hawakuondoka. Unawajua mashabiki wa kwetu, mechi ikiisha ndipo mechi yao huanza. Siku hizi mnabishana kwenye simu, mnarudisha picha nyuma na mbele mpaka mchezaji anaonekana mjinga hata pale alipofanya vizuri. Sisi tulikuwa na midomo tu, na ilitutosha.

Mchambuzi mkuu alikuwa Basili, fundi cherehani wa pale senta. Alisema kosa langu halikuwa mguu, lilikuwa bega, eti bega lilirudi nyuma kama la mtu anayekataa kuvaa koti. Mangi wa duka, Mchaga aliyekuja kufungua biashara akatuzoea kuliko tulivyozoeana wenyewe, akapinga. Alisema bega lilikuwa sawa, tatizo ni makande niliyokula mchana, aliniona kwa macho yake nikiongeza. Mama mmoja akasema tusimwonee mtoto, ule ni upepo wa kutoka juu Ngorongoro, nao wakamuuliza kwa nini upepo huo haukuwasumbua wageni. Wakamgeukia kipa wetu, wakamchambua mpaka viatu vyake, wakampitia winga, kisha wakanirudia mimi. Ulimi hauna mfupa. Nami nilikuwa nyuma ya goli, nasikia kila neno, kila neno linanisukuma kuelekea njia panda.

Basili akamaliza kwa kusema, "Ile hata mke wangu anafunga." Kwa bahati mbaya yake, mke wake alikuwa amesimama hapo hapo, mtoto mgongoni. Akamwambia kwa upole kabisa, "Anza wewe, baba Yohana, tukuone." Basi, hapo hakuna aliyeweza kwenda nyumbani tena. Mpira ukaletwa kutoka kwenye mbaazi, watu wakapanga mstari, na ikaonekana hakuna kipa. Mmoja akaniona nilipojikunja, akaita, "Oya Paskali, si upo bure? Kaa golini basi."

Nilikaa golini kwa hasira. Nikajiambia nitadaka moja au mbili, lori likipiga honi naondoka. Lakini mwanangu, ukikaa mahali pale unaona kitu ambacho mpigaji hakioni. Unaiona sura ya mtu. Basili alikunja mikono ya shati, akaurudia mpira kuuweka sawa, akarudi nyuma hatua za mtu anayekwenda kuruka mto. Alipoinua macho, uso wote ulikuwa umemkauka. Akapiga udongo kwanza, mpira ukaja ukitambaa mpaka miguuni kwangu. Mangi alivua kofia akaishika kifuani, kisha akapiga moja kwa moja kwenye tumbo langu. Wapo waliofunga, sitakudanganya. Mke wa Basili alimkabidhi jirani mtoto, akafunga kwenye kona ya chini, akachukua mtoto wake. Lakini wote, waliofunga na waliokosa, kabla ya kupiga walinitazama kwa macho ya kuomba. Hasira yangu ikaanza kupungua hapo, ingawa safari yangu ilikuwa bado iko pale pale.

Mara kelele zikapungua. Nikaona mstari unaachia njia, na baba anaingia na punda wetu aliyebeba madumu ya maji. Nikadhani anakuja kunifokea mbele za watu. Alimpa Mangi kamba ya punda, akampa Basili fimbo yake, akaweka blanketi juu ya madumu. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia njia ya mji asioujua, mtu husimama wapi.

Wakamwonyesha. Hakuna aliyecheka, kwa kuwa kila mmoja alimjua mzee Tluway. Baba alikuwa amevaa katambuga zake, viatu vya wazi vya tairi la gari, na sidhani kama aliwahi kupiga mpira maishani mwake. Alinitazama. Nami nikamwona usoni kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake kabla ya siku hiyo: aliogopa. Akakimbia, blanketi hana, fimbo hana, miguu myembamba kama ya mtu yeyote, akapiga. Mpira ulikwenda kushoto, mbali na goli, ukawapita hata waliosimama pembeni. Katambuga ikachomoka ikaja kwangu, nami kwa mazoea nikaidaka.

Uwanja mzima ulivunjika kwa kicheko. Watu walishikana mabega, Mangi akakaa chini na kamba ya punda mkononi. Nikangoja baba achukue fimbo yake aondoke kama alivyozoea. Hakuondoka. Alisimama pale pale kwenye alama, mguu mmoja una katambuga na mwingine uko vumbini, akawaacha wacheke mpaka walipotosheka. Nikamletea katambuga yake, nikapiga goti, nikamvisha na kumfungia mkanda. Akaniwekea kiganja kichwani, akaniambia kwa Kiiraqw chetu, polepole, nisikie mimi tu:

"Paskali, sasa tuko wawili. Twende nyumbani."

Ule mfuko wangu wa salfeti aliuchukua mwenyewe nyuma ya goli, akaufunga juu ya punda kati ya madumu. Hakuuliza una nini. Tulipofika njia panda lori la Mang'ola lilitupita likipiga honi, na mimi nilikuwa namwongoza punda. Nyuma yetu bado tulisikia sauti ya Basili. Alikuwa anadai kwamba katambuga ikivuka mstari ni nusu bao, na kipa aliidaka akiwa ndani.

Njiani baba akaniambia aliondoka pale kona kwa sababu hakujua baba wa mtu aliyekosa anatakiwa afanye nini. Akaona bora aende kwa punda, maana punda anamjua. Alipokuwa bombani akasikia watu wanabishana wakitaja jina langu, akaona aibu kwamba watu wengine wamebaki na mwanawe na yeye amemwacha. Nikamwambia hawakubaki na mimi, walibaki kunisema.

Akasimama, na hapo ndipo aliponikemea. "Umewahi kusikia watu wakibishana mpaka giza juu ya ng'ombe wa nchi nyingine? Mtu hubishana juu ya ng'ombe wake. Siku watakaponyamaza kabisa kuhusu wewe, siku hiyo funga mzigo, hata mimi nitakusindikiza." Kisha akamchapa punda kidogo, ingawa punda hakuwa na kosa, tukaendelea.

Watu huniuliza kama baba alikosa makusudi. Mimi nilikuwa golini, nilimwona uso. Alitaka kufunga. Alitamani sana kufunga, labda kwa kuwa alidhani hilo lingenisaidia zaidi. Alipokosa, akanipa alichobaki nacho, nacho kilikuwa kusimama pale nikimwona anachekwa. Amekwisha lala udongoni miaka mingi sasa, na nikimkumbuka simkumbuki akilima wala akiomba kanisani. Namkumbuka na mguu mmoja vumbini, na nampenda, ingawa mpaka leo naona taabu kulisema.

Sasa sikia kwa nini nimekusimulia. Jumapili iliyopita Emanueli, yule kijana wetu anayeosha magari ya watalii pale Karatu, alikosa penalti kama mimi. Mmemrekodi, mmeiweka kwenye makundi yenu, imefika hadi Arusha, na nasikia hajatoka ndani na simu ameizima. Sisemi msibishane. Shabiki asiyebishana ni mtu aliyepotea njia akaingia uwanjani. Lakini mabishano yetu tuliyafanya mtu wetu akiwa anatuona sura, na kila aliyesema alipiga yake mbele ya macho yake, afunge au akose. Ninyi mnasema mkiwa mmelala kitandani. Aliyekosa anabaki peke yake na ile picha, nayo haichoki kumwonyesha.

Na wewe Emanueli uliyekosa, mwanangu, ikiwa maneno haya yatakufikia: kuteleza si kuanguka. Usikimbie kabla watu hawajamaliza kukusema. Wasikilize, wengine ni wajinga, mmoja wao ana hoja kuhusu bega. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na vijana mnadhani kutunzwa ni kupewa beberu tu. Kumbe hata kusemwa kwa jina lako na watu wanaokujua ulivyokula mchana ni namna ya kutunzwa. Ambaye ni baba au mama wa aliyekosa, asiende kwa punda. Akienda, arudi upesi.

Kwa hiyo Jumamosi jioni nitakuja uwanjani. Mjukuu wangu amenikataza kwa ajili ya goti, nami nimemwambia goti ni langu. Nimemtumia Emanueli ujumbe kupitia mama yake kwamba nahitaji kipa. Nitapiga, na sina shaka nitakosa. Mje na simu zenu mnirekodi, mnicheke mpaka mtosheke, kisha mwingine apige.

Mungu wa baba zetu akubariki, mwanangu. Mvua ikukute umekwisha panda. Ng'ombe wako warudi wote jioni, na asikosekane mtu wa kuwafungulia. Jina lako litajwe kwenu, kwa sifa na kwa utani, lisisahauliwe. Na siku utakayokosa mbele ya watu, maana itakuja, atokee mmoja atakayevua blanketi lake mbele yao na kukosa pamoja nawe.