Somo la Kushindwa kwa Adabu

Kocha mkuu wetu alikuwa Mserbia aliyecheza tenisi ya kulipwa miaka mingi bila dunia kugundua. Mimi nilikuwa msaidizi wake katika klabu moja pale Pearl, mtaa wa matajiri huku ughaibuni, na kila mzazi mgeni alipoingia kuandikisha mtoto nilisikia upya jinsi alivyowahi kumtoa jasho bingwa wa dunia. Kilichorukwa ni kwamba bingwa alishinda, tena akawahi chakula cha mchana.

Usimcheke bado. Kushindwa ndiko kulikomlisha. Kwa hiyo sikutarajia kwamba angekataa kushindwa mara moja zaidi.

Mambo yalikuwa hivi. Kila mwaka kabla ya miezi ya joto, tajiri mwenye klabu alicheza seti moja na kocha mkuu mbele ya wazazi wote. Baada ya hapo ndipo mkataba ulipotiwa saini, au usitiwe. Kocha aliyetangulia alimfunga bila huruma, na sasa yuko kwao anauza raketi. Huku kwetu mkataba ukiisha, kibali cha kuishi kinaondoka nao, na mke wa huyu Mserbia ndiyo kwanza alikuwa amefika na watoto.

Basi nikamkalisha kwenye benchi, nikamwelekeza polepole.

"Usimpe mpira laini, atashtuka. Mpe mgumu kidogo, halafu wewe chelewa hatua moja. Ukikosa, itazame raketi kama imekusaliti."

"Ndugu yangu, mimi nimecheza na watu wa kwenye televisheni. Huyu anakimbia kama friji."

"Friji ndiyo inayotia saini."

"Nitamshinda. Ataniheshimu."

"Atakuheshimu ukiwa ndani ya ndege, kapteni." Kapteni ndivyo tunavyowaita makocha huku, hata wasio na meli.

Siku ilipofika, aliingia kushinda kweli. Akatangulia gemu tano kwa mbili. Wazazi wakaacha kupiga makofi, wakashika simu zao. Ilibaki gemu moja tu seti iwe yake, na zamu ya kuanzisha mpira ilikuwa yake.

Kwa asiyejua tenisi: anayeanzisha hupewa nafasi mbili, na akizikosa zote, mwenzake anapata pointi bure. Kocha akazikosa zote. Akarudia, akazikosa tena. Mkono ulikuwa umekakamaa kama wa mtu anayebeba sinia la mwajiri. Hakuwa anaigiza; hapo nikaelewa kilichokuwa kinamrudisha nyumbani mapema kutoka kila mji wa mashindano aliopenda kunitajia. Tajiri hakulazimika hata kukimbia. Alisimama tu kwa heshima, akiletewa pointi, gemu baada ya gemu, mpaka seti ikawa yake.

"Kapteni, leo umenitesa," tajiri akasema, akamkumbatia, kisha akatia saini palepale juu ya kasha la mipira. Wazazi wakapiga makofi mpaka nikawaonea aibu.

Mke wa kocha akaja nilipokuwa naokota mipira. Mumewe alikuwa amekaa kando yangu, taulo kichwani.

"Niambie ukweli," akasema. "Alimwachia?"

"Shemeji, tulifanya mazoezi hapa hapa kwenye benchi. Nilimfundisha mwenyewe."

Akacheka, akaenda kuwaita watoto. Baadaye kidogo kocha akaninyooshea chupa yake ya maji, nimfungulie kifuniko.