Kamera ya Pindoni

Kamera yenyewe ilikuwa ndogo kuliko kipande cha sabuni ya kufulia. Kabibi aliifunga kwenye pindo la leso, pale pale anapofunga nauli, akatembea nayo kutoka stendi ya Gongoni hadi kwake, na hakuna aliyejua kwamba amebeba kitu.

Mustansir, mwenye duka la Malindi aliyemuuzia, alimpa sharti moja. "Ijaribu hadi Jumamosi adhuhuri. Isipokuridhisha nirudishie, ndani ya boksi lake, bila mchubuko. Adhuhuri ikipita ni yako, mama, usije ukanililia hapa."

Kabibi hakuwa mtu wa kulia madukani. Mwezi uliopita alikuwa kwenye mashamba ya chumvi, akikwangua na kurundika, hadi msimamizi alipomkuta na Gona mgongoni. Gona ni mwanawe, wa miezi minane.

"Kazi ama mtoto," msimamizi akasema.

Kabibi akalaza koleo chini. "Mtoto," akajibu, akaondoka wala hakugeuka nyuma.

Ujira wake wa mwisho ndio ulionunua kamera. Alitaka kazi ya kupiga video kwenye sherehe za watu, kazi ambayo Gona angekaa mgongoni pake asifukuzwe na mtu. Kamera ikifaa, ndiyo hiyo kazi. Isipofaa, itarudi dukani, naye atarudi kwenye chumvi, na Gona atashinda kwa jirani akilia hadi sauti imkauke.

Shemeji yake Hesbon, kaka wa mumewe, alikuwa na studio karibu na soko, na kamera kubwa ya kubeba begani. Aliishika ile ndogo kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika panya mkia.

"Shemeji, hii umenunua au umeiokota ndani ya pakiti ya biskuti?"

"Nimenunua."

"Inapiga simu?"

"Haipigi."

"Inatuma picha kwa mtu?"

"Haitumi."

"Sasa inafanya nini?"

"Inatazama," Kabibi akasema. "Na inakumbuka."

Hesbon alicheka hadi akashika ukuta. Akacheka zaidi Jumanne, alipotazama video ya kwanza: kuku, ua, nguo kwenye kamba, vyote vimefunikwa na ukungu mweupe. "Ulipiga ukiwa ndani ya sufuria ya uji?"

Siku hiyo Kabibi alilitazama lile boksi mara mbili. Lakini hakulifungua. Asubuhi yake, akimpaka Gona mafuta ya nazi kama kila siku akisha kumwogesha, aliona kidole gumba chake mwenyewe kinavyong'aa, akasita. Kila alipomaliza kumpaka mtoto ndipo aliposhika kamera. Akanawa kwa sabuni, akakifuta kile kioo cha mbele cha kamera kwa kitambaa kikavu cha Gona, akapiga tena. Kuku wakatoka na manyoya yao yote, hata yule mwenye jicho bovu.

"Mjinga si wewe," akaiambia kamera. "Mjinga ni mimi."

Tangu hapo akaijua kama mtu anavyomjua mkwe: kwa mazuri yake na kwa vituko vyake. Juani kioo chake cha nyuma hakionekani, shurti ukikinge kwa leso. Upepo unaiingia masikioni, nao ni upepo wa pwani, haupumziki. Akabandika kipande cha pamba kwenye tundu la sauti, ikasikia vizuri. Haioni mbali, ukitaka uso wa mtu, mwendee. Betri yake inadumu muda wa kupika pilau na kupakua, si zaidi. Na mtoto akiwa mgongoni, picha inayumba, isipokuwa usimame miguu umeipanua na upumue polepole.

Ijumaa ndiyo ilikuwa mtihani. Bi Mwanasiti wa Mambrui, aliyekuwa akinunua makuti kwa mama yake Kabibi tangu zamani, alikuwa anamtia bintiye hina. Hesbon alikwisha kukataliwa, maana ndani ya ua wa hina mwanamume haingii. Kabibi alipokwenda kuomba kazi hiyo, Bi Mwanasiti alimwambia, "Njoo tuone. Lakini ukiniharibia siku ya mwanangu, mlango huu hutauona tena."

Alasiri alifika, kamera mkononi. Mlangoni alikaa shangazi wa bibi arusi, kapu mbele yake limejaa simu. Mwaka uliopita mtu alipiga video kwa simu, wanawake wakicheza vichwa wazi, na kabla ya magharibi wanaume walikuwa wameiona hadi Lamu.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Tia hicho kapuni."

"Hiki sikitii, Bi."

Wanawake wakageuka. Shangazi akaweka mikono kiunoni. "Ehe! Umekuja kututawala na mtoto mgongoni?"

Kabibi hakurudi nyuma. Akaifungua kamera ubavuni, akatoa kadi ya memori, ndogo kama ukucha wa Gona, akaiweka kiganjani. "Haina laini, Bi. Haina mtandao. Ikimeza kitu, kimekaa humu tu. Nikimaliza, hiki namkabidhi mama mwenye arusi mkononi, mimi naondoka na kamera tupu. Simu gani hapo kapuni inaweza kuapa hivyo?"

Shangazi akauliza, "Na mdomo wako, una laini?"

"Mdomo wangu ulizoea chumvi, Bi. Haufunguki ovyo."

Ua mzima ukaangua kicheko. Bi Mwanasiti akaita kutoka ndani, "Mpisheni apite!"

Akapiga mikono ya bibi arusi ikichorwa, akiwa karibu hadi akanusa hina. Akapiga bibi mmoja wa miaka themanini akikata kiuno. Gona akabwabwaja katikati ya wimbo, na hilo nalo likaingia. Walipomaliza, alimpa Bi Mwanasiti ile memori mbele ya wote. Bi Mwanasiti akaifunga kwenye pindo lake mwenyewe, akamtilia Kabibi ujira wake kiganjani. "Jumapili ijayo ni hina ya mwali wa dada yangu," akasema. "Uje wewe."

Jioni Hesbon alimngoja njiani. "Shemeji, nipe hiyo memori nikate kidogo niweke kwenye ukurasa wa studio. Utajulikana!"

"Sina."

"Una wazimu? Kazi yako yote umewaachia?"

"Hiyo ndiyo kazi yangu, shemeji. Kuwaachia."

Jumamosi, adhuhuri haijafika, Kabibi aliweka boksi juu ya meza ya Mustansir. Mustansir akaguna, akalifungua. Lilikuwa tupu.

"Na kamera?"

Kabibi alimpandisha Gona mgongoni vizuri, akagusa fundo la pindo lake.

"Hairudi. Boksi sina pa kuliweka. Nipe memori nyingine."